Mama Amekuwa Mchezaji Huru

Buffalo, Januari 11, 2016

Kwako dada yangu Marcella,

Nakusalimu wewe, shemeji Chester, na yale mawe yenu ya uani ambayo naambiwa mnayapaka rangi ya kijani ili yafanane na majani. Sisi huku tunapumua, theluji ikituachia nafasi. Jana nilifungua mlango wa mbele nikakuta ukuta mweupe, nikaufunga tena kwa adabu.

Mama hajambo. Goti linamsumbua, mdomo haumsumbui hata kidogo. Ni yeye aliyesema nikuandikie badala ya kupiga simu. Tangu tulipokatiana simu siku ya Krismasi kwa sababu ya lile bakuli la Bibi tunalogombania, ameshaamua kwamba sisi wawili ni watu wa barua. "Kwenye karatasi," anasema, "kila mmoja humaliza sentensi yake."

Sasa kaa chini, maana nina habari ya kukusimamisha. Mwanangu Norbert amekuwa kamishna! Ndiyo, kamishna wa ligi ya ukoo. Mjomba Casimir amechoka, macho hayaoni tena majedwali, na alipouliza nani atashika usukani, nyumba zote nane zilimtazama Norbert. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu. Nasema kwa kuwa ni kweli.

Najua wewe na Chester mna timu kwa jina tu na hamfuatilii, kwa hiyo nikueleze. Kila nyumba ya ukoo inachagua wachezaji wa kweli wa besiboli, hawa wa kwenye televisheni, na wakipiga vizuri kule, pointi zinaingia kwetu huku. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuandika mchezaji anakaa na nyumba kwa muda gani. Nyumba ya Wrobel wamemshikilia mrushaji mmoja tangu akiwa kijana. Sasa ana kitambi, anauza mashua Florida, na bado hawataki kumwachia. Ligi imeganda kama ziwa.

Norbert wangu ameketi mezani wiki tatu akaandika kanuni za mikataba. Dada, ungeziona! Mkataba usizidi miaka mitatu. Anayetaka kumwongezea mchezaji muda amtolee dau mapema. Na kifungu cha nne, ambacho ndicho roho ya mambo yote, ni cha wachezaji huru. Hapo nami nilitia mkono wangu. Yeye alikuwa ameandika "mchezaji yeyote." Nikamwambia, mwanangu, hawa ni binadamu, wana mama zao waliowafulia soksi, andika "mtu." Akaniangalia, akasema, "Mama, umeongea." Sasa kinasomeka hivi: Mtu yeyote aliyekaa katika nyumba moja kwa miaka sita bila kupewa mkataba mpya atahesabiwa kuwa huru, na nyumba yoyote inaweza kumtolea dau. Si kinasikika kama Biblia?

Weka sahihi chini uirudishe. Nyumba ya Gorczyca, yaani sisi, tumeshaweka. Na kumbuka sisi ndio tulioshinda mwaka jana, kwa akili ya Norbert.

Mdogo wako akupendaye,
Darlene


Yuma, Januari 29, 2016

Mdogo wangu Darlene,

Salamu zimefika, na mawe yanasalimu pia. Ni ya kijani kibichi, na majirani wanatuonea wivu. Huku jua linawaka, juzi nilivaa sweta asubuhi nikajicheka mwenyewe.

Nilimsomea Chester kwamba Norbert ni kamishna. Akasimama wima, akapiga saluti, akauliza ni polisi wa wilaya gani. Nikamweleza. Alikaa chini taratibu sana.

Sahihi nimeweka, karatasi iko ndani ya bahasha. Hongera kwa mwanao. Kifungu cha nne kweli kinasikika kama Biblia, na ninyi mnaosoma Biblia kanisani mwenu mnajua kwamba huwa inawapata watu wasioitazamia.

Mama yukoje kwa kweli? Sizungumzii goti. Alinipigia Jumapili, akaongea habari za hali ya hewa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huku wananiuliza kama nimekula. Hakuna swali jingine." Nikamwuliza maana yake nini, akasema sufuria inachemka.

Chester anatoa salamu. Amenunua kipaza sauti, sijui cha nini.

Dada yako,
Marcella


Buffalo, Februari 20, 2016

Dada Marcella,

Hatujambo. Mvua ya barafu. Gari halikuwaka. Norbert amepongezwa na ukoo mzima. Basi, salamu zimetosha, sasa nikueleze balaa.

Jana ilikuwa Ijumaa ya samaki ya Kwaresima kwenye ukumbi wa parokia, na Norbert aliomba kusoma kanuni mbele ya nyumba zote kabla hazijaanza kutumika. Alivaa ile tai ya bluu. Alisoma vizuri, sauti imetulia, mpaka meza ya pili wakaacha kutafuna. Alipomaliza kifungu cha nne, Mama akaweka uma chini.

"Nilihamia kwa Darlene lini?" akauliza.

"Kiangazi cha mwaka 2009, Bibi," akasema Norbert, maana mwanangu hasahau tarehe.

"Mkataba wangu ulifanywa upya lini?"

Watu wakacheka. Mjomba Casimir alicheka hadi samaki akampita njia isiyo yake. Mama hakucheka.

"Mama, kula samaki," nikamwambia.

"Samaki wanaliwa na watu wenye mkataba."

Norbert akawa mwekundu. "Bibi, kifungu kinahusu wachezaji."

"Kimeandikwa mtu. Mimi ni nani, kabati?"

"Na kinahusu nyumba za ligi…"

"Nyumba ya Gorczyca. Si ndiyo nyumba ninayolala? Au nimekuwa nikilala kwa akina Wrobel miaka yote hii?"

Mwanangu akafungua kanuni zake, akazipitia ukurasa kwa ukurasa, mchuzi wa samaki ukidondokea kifungu cha pili. Mwisho akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, yuko huru."

Marcella, kijana mwingine angepindisha sheria kwa ajili ya bibi yake. Norbert wangu hapindishi. Nilimwonea fahari na wakati huohuo nikatamani kumpiga na sahani.

Basi Mama ametangaza anapokea madau hadi Jumatatu ya Pasaka saa sita mchana, wakati ule ule wa wachezaji wengine wote walio huru. Leo asubuhi kapaka rangi ya mdomo. Padri mwenyewe ameuliza kama parokia inaruhusiwa kuingia, maana anahitaji mtu wa kukanda unga wa pierogi, zile za kujazwa viazi.

Nakuandikia kukwambia jambo moja tu: ni mzaha wa kizee, utapita. Usitoe dau.

Darlene


Yuma, Machi 2, 2016

Mdogo wangu Darlene,

Wazima sote. Mipungate yenye miiba nje ya dirisha imeanza kutoa maua.

Dau langu nimelituma kwa kamishna kwa barua ya rejista, kama kanuni inavyotaka, na nakala hii ni ya kwako ili usiseme nimekuzunguka. Nyumba ya Budzik, yaani mimi na Chester, inamtolea Mama mkataba wa mwaka mmoja: chumba kinachopata jua la asubuhi, televisheni yake mwenyewe asiyoshirikiana na mtu, bingo Jumanne na Alhamisi, Chester kuwa dereva, na kila siku saa ya kahawa nitakaa naye nimwulize jambo ambalo si chakula.

Wewe umetoa nini?

Na kwa kuwa tunasoma kifungu cha nne, nimehesabu nikagundua Norbert naye amekaa nyumba moja miaka thelathini na tatu bila mkataba mpya. Yuko huru zaidi ya Mama. Ila sijasikia nyumba yoyote ikimtolea dau.

Nakutania. Usichane barua.

Marcella


Buffalo, Machi 12, 2016

Kwa Bibi Marcella Budzik, Yuma,

Barua sikuichana. Nilifutia dirisha.

Norbert anaishi nami kwa hiari yake, kwa sababu hajampata msichana anayemstahili, na yule wa duka la matairi alikuwa na kicheko kibaya. Umenichoma hapo dada, na nimekusamehe, maana huna mtoto na hujui.

Unauliza nimetoa nini. Sijatoa kitu. Mtu hanunui mama yake mwenyewe! Ana chumba chake, ana kiti chake pembeni ya dirisha, ananikosoa supu yangu kila Jumatano. Akitaka kuondoka, mlango ule pale, na nimeuondolea theluji mwenyewe.

Lakini usidhani tumelala. Norbert ameandika nyongeza, kifungu cha nne sehemu ya pili, na juzi nyumba zote za huku zilipiga kura tukila soseji na kabichi. Nyumba itakayompokea mtu huru italazimika kuilipa nyumba iliyompoteza kwa mtu mmoja, atakayetajwa baadaye, na mtu huyo hatarudishwa mpaka ligi iishe Oktoba. Umesikia? Mtu kwa mtu. Ndivyo timu za kweli zinavyofanya. Mwanangu alisema, "Mama, hii itamfanya Shangazi Marcella afikirie mara mbili." Na akili hiyo hakuisomea popote, kazaliwa nayo.

Mama alipiga kura ya ndiyo. Sikumwelewa.

Darlene


Buffalo, Machi 30, 2016

Dada,

Nakusalimu. Theluji imeanza kuyeyuka, barabara zote ni tope. Pasaka ilikuwa nzuri. Yule mwanakondoo wa siagi tunayemweka mezani kila Pasaka, mwaka huu alikuwa na macho ya pilipili manga yaliyonyooka, si kama yule wa mwaka juzi aliyekuwa kengeza.

Jumatatu watu walimwagiana maji, kama desturi yetu ya Jumatatu ya Pasaka. Watoto wa Wrobel walinilowesha nikiwa bado kwenye ngazi. Nyumba zote zikaja kwangu kwa ajili ya madau. Norbert alivaa tai, akaipanga meza, akasimama na sufuria na mwiko wa kupigia saa. Alimaliza wachezaji wa kweli kwanza: mdakaji mmoja, warushaji wawili, na yule mpigaji Hatcher tuliyemtaka sana, akaenda kwa Mjomba Casimir.

Kisha Mama. Alikuwa na madau matatu mapajani. Lako. La padri, chumba cha nyuma cha parokia na pierogi bila kikomo. La akina Wrobel, gereji yenye hita. Akayasoma, akayapanga, akasubiri.

Zilibaki kama dakika ishirini kabla ya saa sita. Watu wakawa wananitazama. Mimi nilikuwa namkata mwanakondoo wa siagi, na ukianza kukata siagi huwezi kuiacha katikati, inalainika. Mama naye akanitazama. Nikamwuliza kama amekula.

Norbert akagonga sufuria.

Alitia sahihi kwako. Mwandiko wake bado mzuri. Ndege yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, anabadilisha Chicago. Norbert amemwombea kiti cha magurudumu kwa ajili ya goti, usisahau kumwambia atakayempokea kwamba mguu mbaya ni wa kushoto.

Norbert aliendesha shughuli nzima bila kosa hata moja. Kila mtu alisema.

Darlene


Yuma, Aprili 15, 2016

Mdogo wangu,

Mama amefika salama, ingawa rubani sijui kama alifika salama, maana Mama alimshauri namna ya kutua. Anakula. Analala. Jumanne alishinda bingo mara mbili, na kuna mwanamke mmoja hapa mtaani hamsalimii tena.

Jambo la pili. Kwa mujibu wa kifungu cha nne sehemu ya pili, Nyumba ya Budzik inamtaja mtu wake. Ni Chester.

Ameondoka na basi jana. Ni safari ya siku tatu, ndege anaziogopa. Anapenda mayai. Usimwache karibu na vifaa.

Marcella


Buffalo, Mei 9, 2016

Kwako Marcella,

Salamu. Maua ya njano yametoka kando ya uzio. Mama anakula?

Mumeo alishuka kwenye basi na begi moja na kipaza sauti kimoja. Sasa nimejua ni cha nini. Anatangaza. Akivunja yai, anatangaza: "Anasogea sufuriani Budzik, mkono umenyanyuka, umati umetulia…" na yai lile ni la sita asubuhi hiyo. Nikienda bafuni ananitangaza. Jumapili alitangaza padri akipanda mimbari, kwa kunong'ona, lakini kanisa zima lilisikia, na watu wakashangilia mahubiri yalipoisha.

Amekarabati kengele ya mlango, ambayo haikuwa imeharibika. Sasa inalia ukifungua friji. Wageni wakija wanagonga dirisha.

Nimemwambia Norbert amwache aende. Akafungua kanuni. "Hadi Oktoba, Mama. Wewe mwenyewe ulipiga kura." Amemwandika kwenye orodha ya nyumba yetu: Chester Budzik, nafasi haijulikani.

Anakalia kile kiti cha dirishani. Nilimwambia kiti kile ni cha mtu. Akasema, "Mtu gani?" Nikaenda kukagua supu.

Ligi inaendelea vizuri. Tuko nafasi ya nane.

Mama anakula? Anavaa soksi zile nzito usiku? Hata kama ni jangwa, miguu yake huwa baridi.

Darlene


Yuma, Mei 30, 2016

Mdogo wangu Darlene,

Tumepata barua yako na tumeisoma yote, mimi kwa macho na Mama kwa masikio. Kwenye habari ya kengele ya friji alicheka mpaka akakohoa. Ulipoandika "nafasi ya nane," akasema, "Ziko nane tu."

Nadhani umeshaona Nyumba ya Budzik iko ya kwanza. Kila asubuhi Mama anasoma gazeti kwa lenzi ya kukuza, ananiambia huyu mweke, yule mtoe, huyu wa Milwaukee kiwiko kinamwuma ila hataki kusema. Nikamwuliza, "Na mwaka jana, Mama, nani alikuwa akichagua kule Buffalo?" Akasema Norbert ni kijana mwenye mwandiko mzuri sana.

Sikuandikii kukusuta. Naandika kwa sababu mambo hayaendi nilivyofikiri. Nilidhani nitapumua bila Chester. Dada wewe, sikujua nyumba inaweza kunyamaza namna hii. Juzi nilivunja yai nikasubiri. Hakuna kilichotangazwa. Nikalia kwenye kikaango kama mjinga.

Na Mama. Saa ya kahawa tunakaa, namwuliza maswali kama nilivyoahidi. Nimesikia habari za ujana wake ambazo mimi na wewe hatukuwahi kuambiwa, nitakusimulia tukionana. Ila yeye kila siku ananiuliza jambo moja: ziwa likoje? Namwambia, Mama, hapa ni Yuma, nitajuaje. Anasema, "Mtu anayejua yupo."

Jana nikamwuliza waziwazi kwa nini alikuja kwangu.

"Wewe ulileta dau," akasema.

"Na Darlene je?"

"Darlene alileta kifungu."

Akaomba sukari. Ndiyo hivyo, Darlene. Miaka saba mtu anakaa kwako, siku moja anasimama mbele ya ukoo na kuuliza nani anamtaka, na wewe unakata siagi. Nilikuwa na hakika utatoa dau. Mimi langu nililitoa ili kukuchokoza utoe lako! Ulipouliza kama amekula, Mama anasema alisikia sufuria ikigongwa kabla Norbert hajaunyanyua mwiko.

Nirudishie mume wangu.

Marcella


Buffalo, Juni 17, 2016

Dada Marcella,

Barua yako ilikaa juu ya friji siku nyingi. Kila nikifungua friji kengele ililia, nami nikaiona. Chester alitangaza mara moja: "Anaitazama bahasha… anaipita… anarudi kwenye maziwa." Nikamwambia afunge kipaza sauti. Akafunga. Kisha akasema kwa mdomo wake mtupu, "Darlene, mimi namkumbuka mke wangu. Wewe unamkumbuka mama yako. Hapa ndani tumebaki watu wawili tusiotakiwa kuwepo na mmoja anayeandika kanuni." Sikuwahi kujua kwamba shemeji anaweza kuongea bila kutangaza.

Unataka niseme. Sikuandika dau kwa sababu niliogopa. Nikitoa dau halafu asilichukue, basi nitajua. Nisipotoa, naweza kusema hakuchagua kuniacha, kanuni tu zilimchukua. Basi, nimeandika. Usiisome mara ya pili sehemu hii.

Kuhusu Norbert: nilijua. Nilimsikia Mama kila asubuhi akimwambia huyu mweke, yule mtoe. Nilikuwa nafungulia bomba ili nisisikie vizuri. Naye hakuwahi kunidanganya, dada, sikuwahi kumwuliza. Na nikuambie jambo, hata akiwa wa nane hakuna kamishna mwenye haki kuliko yeye. Ligi nzima inamcheka, na kila Jumapili anatangaza matokeo yake ya mkiani kwa sauti ileile. Niambie ni mtoto wa nani mwingine angeweza.

Nimemwambia aitishe nyumba zote zikifute kifungu cha nne sehemu ya pili. Akina Wrobel waligoma, wakataka fidia. Nikawapa lile bakuli la Bibi. Ndiyo, lile. Mimi na wewe hatutaligombania tena. Chester yuko huru kuanzia Jumatatu, amenunua tiketi ya basi na mayai ya kuchemsha ya njiani.

Sasa yafuatayo si ya kwako. Mwite Mama, mkalishe, umsomee kwa sauti, na usitie maneno yako.

Mama. Ziwa liko shwari. Asubuhi lina ukungu, mchana linang'aa mpaka unafumba macho, na meli ya nafaka ilipita wiki iliyopita, nilikwenda kuitazama kwa ajili yako. Supu yangu haina anayeikosoa na imekuwa mbaya kweli. Kiti nimekiondolea mtu. Nataka urudi. Sina televisheni ya pili, bingo iko mbali, theluji itarudi Novemba, na mimi nitasahau kukuuliza mambo na itabidi unikumbushe kwa ukali. Hilo ndilo dau langu. Halina kifungu.

Binti yako,
Darlene


Yuma, Juni 27, 2016

Mdogo wangu,

Chester amefika. Nimevunja mayai sita, ametangaza yote, majirani wamefunga madirisha.

Barua yako nilimsomea Mama siku ilipofika, kwa sauti, bila kuongeza neno. Alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka nikadhani amelala. Nilipomaliza, akafungua jicho moja.

"Miaka mingapi?" akasema.

Nikamwambia hukuandika.

"Mwulize," akasema. "Na begi langu liko wapi?"

Mkataba wangu nimeuchana mbele yake. Tumekubaliana kila Februari atakuja kuota jua. Nijibu haraka, maana ameshakunja nguo na amekaa juu ya kitanda akiwa na kofia.

Marcella


Buffalo, Julai 2, 2016

Dada yangu,

Wote wazima, naandika nimesimama.

Mwambie Mama sikuweka idadi. Mkataba uko mezani, pale pa miaka nimepaacha patupu, atajaza mwenyewe kwa mwandiko wake. Norbert alipoona akasimama, akaanza, "Mama, kanuni inasema isizidi mitatu…" Nikamwambia anyamaze. Ni mara ya kwanza tangu nimzae. Alinyamaza, akakaa, akaniangalia kama mtu aliyesikia paka akiongea, kisha akaenda kumtengenezea bibi yake kitanda. Kakitandika vizuri, kona zote zimebanwa. Hospitali hawatandiki hivyo.

Ndege inatua saa ngapi?

Darlene